Kuifufua Injini ya Pikapu Kuukuu ya Chama na Kuipima Nguvu Zake

Katika vyama vya msingi vingi bado liko gari moja kuukuu ambalo kazi zote za chama hulitegemea. Mara nyingi gari hilo ni pikapu ya Land Rover ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na mwaka 1985. Ndilo linalofikisha mbolea na dawa kwa wakulima, ndilo linalokusanya mazao kutoka vituoni, na ndilo linalompeleka mhasibu benki. Bodi yake ya alumini haijaliwa na kutu, na fremu yake ingali yaweza kuchomelewa. Lakini injini imechoka. Moshi wa buluu unatoka, oili inaongezwa kila wiki, na mlima uliokuwa ukipandwa bila shida sasa unalishinda gari hata likiwa na nusu ya mzigo.

Jambo hili linapofika katika mkutano, wanachama hugawanyika. Wako wanaosema gari liuzwe, na wako wanaosema injini ifunguliwe. Maoni yote mawili yaweza kuwa sahihi. Linalokosekana mara nyingi ni vipimo. Chama huamua kwa kusikia mlio wa injini na maneno ya fundi, kisha fedha za wanachama hulipwa, gari hurudi likiwa limepakwa rangi nyeusi kwenye injini, na baada ya miezi mitatu moshi ule ule hurudi. Makala haya yanaeleza jinsi injini ya namna hiyo inavyofufuliwa, jinsi nguvu zake zinavyopimwa kwa mashine, na mambo ambayo Katibu hana budi kuyaandika ili kila shilingi iweze kuelezwa mbele ya mkutano mkuu.

INJINI IPIMWE KABLA YA KUFUNGULIWA

Injini inayozungumziwa hapa ni ile ya petroli yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Upana wa kila silinda ni milimita 90.47, na pistoni husafiri milimita 88.9. Hadi mwaka 1980 kranki yake ilishikwa na beringi kuu tatu, na baada ya hapo beringi tano. Katibu na aandike namba ya injini katika daftari la gari kabla gari halijaondoka uani, kwa kuwa vipuri vya injini hizi mbili havifanani vyote, na kwa kuwa injini iliyoingia karakana ndiyo ipasayo kutoka.

Kipimo cha kwanza ni cha mkandamizo. Plagi zote nne hutolewa, geji hufungwa katika tundu la silinda moja baada ya nyingine, na injini huzungushwa kwa stata, kabureta ikiwa wazi kabisa. Kinachotazamwa hasa ni tofauti baina ya silinda. Silinda iliyo dhaifu kuliko zote isipofikia robo tatu ya ile iliyo na nguvu kuliko zote, iko kasoro. Kisha kijiko kimoja cha oili humiminwa katika silinda dhaifu na kipimo hurudiwa. Namba ikipanda sana, ringi na kuta za silinda zimelika. Isipopanda, valvu hazifungi sawasawa. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu kwa kiasi kinacholingana, gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Faida ya kipimo hiki ni kubwa. Chama ambacho valvu zake ndizo mbovu hakina sababu ya kulipia pistoni mpya. Hedi itafunguliwa, valvu zitasagwa, na gari litarudi kazini kwa sehemu ndogo tu ya gharama. Karatasi ya vipimo hivi vinne na iwekwe katika jalada, iwe na tarehe na saini ya fundi.

BAADA YA KUFUNGULIWA

Ikithibitika kwamba injini yote haina budi kufunguliwa, kazi ya kwanza ni kuosha na kupima. Kuagiza vipuri huja baadaye. Kila silinda hupimwa kwa geji ya ndani karibu na juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, na tena chini ambako ukuta haujalika. Hupimwa pia kwa kufuata urefu wa injini na kuikingama, kwa maana silinda hailiki kwa mviringo kamili. Kwa injini za ukubwa huu, tofauti inapokaribia robo ya milimita, ringi mpya peke yake haitafaa kitu. Ringi ni mviringo, nayo haiwezi kuziba tundu lililokuwa yai. Hapo bloku hutobolewa upya na pistoni za ovasaizi hununuliwa.

Hapa ndipo vyama vingi hupata hasara. Mafundi wa haraka hununua pistoni kwanza, kisha hutafuta mtu wa kutoboa bloku ilingane nazo. Utaratibu sahihi ni kupima, kujua ni ovasaizi ipi inayohitajika, kununua pistoni, kisha kuzipeleka pistoni zenyewe kwa mchonga vyuma ili kila silinda itobolewe kwa kufuata kipimo cha pistoni yake.

Kranki hupimwa kwa maikromita katika kila shingo. Shingo iliyopoteza mviringo kwa zaidi ya milimita 0.05 yafaa ichongwe, na metali za andasaizi zinunuliwe kwa kadiri ya uchongaji. Kranki ikishachongwa, matundu yake ya oili yasafishwe kwa waya na kwa upepo, kwa sababu vumbi la chuma lililobaki ndani litazila metali mpya katika saa chache za kwanza.

Silinda hedi ina jambo lake la pekee. Injini za kale zilitengenezwa wakati petroli ilipokuwa ikitiwa madini ya risasi, nayo risasi hiyo ilikuwa kinga kwa siti za valvu za eksosi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na kituo cha mwisho duniani kiliacha kuiuza mwaka 2021 nchini Algeria. Kwa hiyo, wakati hedi iko mezani, fundi aulizwe kama siti za eksosi ni za chuma kigumu. Kama si hivyo, zibadilishwe wakati huo huo. Kuifungua hedi mara ya pili ni gharama isiyo na maelezo mazuri.

INJINI YA KAZI, SI YA MASHINDANO

Fundi akiona bloku imetobolewa na kila kitu ni kipya, huenda akashauri mambo ya ziada: kabureta kubwa zaidi, kamshafti kali, au hedi kukatwa ili mkandamizo upande. Yote hayo huongeza nguvu za injini inapozunguka kwa kasi. Pikapu ya chama haifanyi kazi yake kwa kasi. Hufanya kazi yake polepole, imejaa magunia, mlimani.

Ili ushauri huo upimwe kwa haki, yafaa tofauti baina ya mambo mawili ieleweke. La kwanza ni nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita toki. Mtu akikaza nati kwa spana yenye urefu wa mita moja, na kuisukuma ncha yake kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 10, ametoa toki ya niutonimita 100 hivi. La pili ni nguvu za farasi, yaani wingi wa kazi inayofanywa kwa muda fulani. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, sawa na kuinua mzigo wa kilo 76 kwa mita moja kila sekunde. Mambo haya mawili hufungamana kwa hesabu moja: toki ikizidishwa kwa mizunguko ya dakika moja na kugawanywa kwa 9,549, jibu ni kilowati.

Injini hii, kwa takwimu za kiwandani zilizochapishwa zamani, ilitoa toki kubwa kuliko zote, niutonimita 168, kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Hapo nguvu zake ni kilowati 44, yaani farasi 59. Nguvu kubwa kuliko zote, farasi 77, ilizitoa kwenye mizunguko 4,250, lakini hapo toki ilikuwa imeshuka hadi niutonimita 129 hivi. Dereva mwenye busara hafiki huko na mzigo.

Na uchukuliwe mfano wa pikapu yenye magunia 15 ya kilo 60, uzito wake wote pamoja na mzigo ukiwa kilo 2,500, ikipanda mlima unaoinuka mita moja kwa kila mita kumi, katika barabara ya vumbi, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kwa hesabu, magurudumu yanahitaji kilowati 26 hivi, yaani nguvu za farasi 35. Katika gia ya pili, kwa mwendo huo, injini inazunguka karibu mara 2,400 kwa dakika, yaani mahali pale pale ambapo toki yake ya asili ni kubwa. Kamshafti kali ingeihamisha toki hiyo kwenda juu, kwa maana huziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, na injini ikizunguka polepole sehemu ya hewa iliyoingia hurudi ilikotoka. Dereva angelazimika kuingia gia ya kwanza, kuikimbiza injini, na kuchoma petroli zaidi kwa safari ile ile. Kwa sababu hiyo, mkataba na useme wazi: kamshafti ya asili, kabureta ya asili, mkandamizo wa asili.

KUUNGANISHA NA KUIZOESHA

Fundi mwema hujulikana kwa usafi na kwa kupima upya. Ringi kila moja huingizwa katika silinda yake peke yake na nafasi ya ncha zake kupimwa kwa fila geji. Kwa injini hii nafasi ya milimita 0.38 hadi 0.5 inafaa. Ikiwa ndogo mno, ringi itatanuka kwa joto, ncha zitagongana na itavunjika. Bolti za hedi hukazwa kwa spana ya toki, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa kufuata kitabu cha gari. Tapeti huachiwa milimita 0.25. Waya za plagi hufuata mpango wa 1-3-4-2. Kabla ya kuwashwa, injini huzungushwa bila plagi mpaka geji ionyeshe kwamba oili imefika.

Injini mpya haipaswi kuachwa ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Ringi hukaa vizuri katika kuta za silinda zinapopata mzigo wa kiasi, unaoongezwa na kupunguzwa. Katika kilomita 800 za kwanza, gari lisizidi mwendo wa kilomita 65 kwa saa, lisibebe mzigo kamili, wala lisikokotwe katika gia kubwa mlimani. Baada ya hapo oili na chujio hubadilishwa, bolti za hedi hukaguliwa kwa kufuata kitabu, na tapeti hupimwa tena. Yapasa Bodi ihesabu siku hizo katika ratiba. Gari linalotoka karakana siku moja kabla ya ununuzi wa mazao kuanza litapewa mzigo kamili siku ya pili, na fedha yote iliyotumika itakuwa imewekwa rehani.

MASHINE YA KUPIMIA NGUVU

Mashine ya kupimia nguvu za injini huitwa dainamomita. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1821 Gaspard de Prony, mhandisi wa Ufaransa, alifunga breki ya mbao kwenye gurudumu la mtambo na kupima kwa mizani nguvu iliyotaka kuisokota breki hiyo. Mwaka 1877 William Froude wa Uingereza alibuni ile inayotumia maji mahali pa mbao. Mashine za leo hufuata kanuni ile ile: injini huzuiwa isizunguke kwa hiari yake, na nguvu ya kuizuia hupimwa pamoja na mizunguko.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza hufungwa kwenye injini yenyewe ikiwa nje ya gari. Ya pili ina magurudumu ya chuma sakafuni, na gari hupandishwa juu yake na kukimbizwa papo hapo. Aina hii ya pili ndiyo inayopatikana zaidi katika karakana za miji mikubwa. Land Rover hupimwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake, baada ya kuhakikisha kwamba yale ya mbele hayajaunganishwa, na gari hufungwa imara kwa mikanda.

Upimaji mzuri huanza kwa mzigo mdogo, na joto la maji na shindikizo la oili hutazamwa kwanza. Kwenye mizunguko 2,000 hivi, injini ikiwa moto, geji ya oili yafaa ionyeshe kati ya paundi 35 na 65 kwa inchi ya mraba. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupimwa katika eksosi. Injini ikibeba mzigo kamili, hewa ya kilo 12.5 hadi 13 kwa kila kilo moja ya petroli ni sawa. Hewa ikizidi mno, valvu za eksosi huungua. Petroli ikizidi, huosha oili katika kuta za silinda na kuzila ringi zilizonunuliwa jana. Marekebisho ya kabureta na ya wakati wa cheche hufanywa hapo hapo, na kipimo hurudiwa.

KUISOMA KARATASI YA VIPIMO

Katibu atakayeipokea karatasi na kuona nguvu za farasi 55 asikimbilie kusema kwamba chama kimeibiwa farasi 22. Kuna sababu mbili. Kwanza, hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Katika mwinuko wa mita 1,400, kama ulivyo mji wa Arusha, uzito wa hewa ni asilimia 87 hivi ya ule wa pwani, na injini isiyo na taboo hupungua kwa kadiri hiyo. Farasi 77 wa kiwandani hubaki 67. Pili, giaboksi, difu na matairi hula sehemu yake. Ikikadiriwa asilimia 18, wanaofika kwenye magurudumu ni farasi 55. Kwa injini kuukuu iliyofufuliwa, hilo ni tokeo jema, nalo lazidi farasi 35 waliohitajika katika mfano wa mlima.

Yafaa fundi wa mashine aulizwe maswali matatu, na majibu yaandikwe: namba hizi ni za kwenye magurudumu au zimekisiwa za injini; zimesahihishwa kwa ajili ya mwinuko na joto au ndizo zilizosomwa; na ni zipi toki na nguvu kwenye mizunguko 1,500, 2,000, 2,500, 3,000 na 3,500. Namba moja kubwa ya juu haisemi mengi. Mstari wa toki ulio tambarare kati ya 1,500 na 3,000 ndio unaobeba magunia.

Kipimo chenye thamani kuliko vyote ni cha kulinganisha: gari lile lile, mashine ile ile, kabla ya injini kufunguliwa na baada ya kuzoeshwa. Tofauti ya karatasi hizo mbili ndiyo kitu ambacho chama kimenunua.

PASIPO NA MASHINE

Chama kilicho mbali na mji hakikosi njia. Mlima mmoja huchaguliwa, na alama mbili huwekwa kando ya barabara. Gari hupakiwa uzito uliopimwa kwenye mizani ya chama, huanza katika alama ya chini kwa mwendo na gia ile ile, na muda wa kufika juu huandikwa kwa saa ya sekunde. Jaribio hurudiwa mara tatu. Petroli pia hupimwa kwa kujaza tangi kabla na baada ya safari inayojulikana. Kazi hiyo hufanywa kabla ya matengenezo na baada yake, mbele ya mjumbe mmoja wa Bodi. Haitatoa nguvu za farasi, lakini itatoa ukweli.

WAJIBU WA KATIBU

Mambo yafuatayo na yazingatiwe:

1. Bei zitafutwe kwa karakana zisizopungua tatu, na kila moja itenge gharama ya vipuri, ya uchongaji, na ya ufundi.

2. Mkataba utaje namba ya injini, vipimo vitakavyochukuliwa, ovasaizi na andasaizi zitakazotumika, na siku ya kukabidhi gari.

3. Vipuri vyote vya zamani virudishwe kwa chama katika gunia. Pistoni za kale zikiwa zimeandikwa standadi nazo mpya zikiwa na ovasaizi, hapo kazi inaonekana kwa macho.

4. Malipo yafanywe kwa awamu, kila awamu kwa stakabadhi, na sehemu ya mwisho ilipwe baada ya kipimo cha nguvu na kilomita 800 za kuzoesha.

5. Mhasibu aulizwe mapema gharama hii iandikwe vipi vitabuni. Matengenezo ya kawaida ni matumizi ya mwaka. Kazi inayorefusha maisha ya gari kwa miaka kadhaa yaweza kuongezwa katika thamani ya mali. Mkaguzi ataliuliza hilo.

6. Daftari la gari lionyeshe oili iliyotiwa na kilomita zilizokwenda, kila wiki, tangu siku ya kwanza.

Ikiwa vipimo vya mwanzo vitaonyesha kwamba bloku imepasuka, au imekwisha kutobolewa hadi ovasaizi ya mwisho, au gharama inakaribia bei ya gari lingine zima, basi wale waliosema gari liuzwe walikuwa na haki, na Bodi isione haya kukubali. Lakini uamuzi huo nao uwe na karatasi. Mwanachama aliyeleta kilo zake za kahawa au pamba chamani alipewa stakabadhi yenye kipimo. Naye anastahili kuonyeshwa kipimo cha kile kilichonunuliwa kwa makato yake.